Kujaza au Kujaliza?

Muuguzi wa Bukavu akimwambia mgonjwa wake, "Mama, batatosha kipande moya ku ziwa," mtu wa Tanga aliyeketi kando anaweza kudhani kuna kitu kimetimia, kimefika kiasi chake. Kumbe kutosha kwa hapa ni kutoa. Na kabla hajawacheka watu wa Kivu, akumbuke kwamba kuwaka huzaa kuwasha, kuanguka huzaa kuangusha, na kuchemka huzaa kuchemsha. Kwa mkondo huohuo, kutoka kungezaa kutosha. Walioiacha njia ni wenye Kiswahili sanifu, si sisi wa Bukavu.

Nimeanza na kitenzi hicho kwa kuwa nataka kuzungumzia kinachokuja baada yake: kile ambacho daktari hukitia mahali palipotolewa saratani, ili titi lililobaki lisibonyee na kupinda. Madaktari wetu wamesomea Kifaransa, na Kifaransa kimewapa majina ya vitu hivyo kimoja kimoja. Wakigeuka kumweleza mama aliyelala kitandani, majina yote yanageuka kuwa neno moja: kitu. Batakuwekea kitu. Kitu gani? Kimetoka wapi? Kitakaa au kitaondoka? Neno kitu halijibu hata swali moja kati ya hayo, na mwili ni wa mama, si wa Kifaransa.

Tuanze na chenyewe kinachojazwa. Kiswahili kina titi, kina ziwa, kina nyonyo la watoto. Titi ndilo limeshika vitabu vya afya, na sina ugomvi nalo. Ila ziwa lina uzee wake. Kamusi kubwa zinalitambua kwa maana mbili, maji mengi yaliyozungukwa na nchi kavu na kiungo cha mama, na kutokana na la pili tukapata maziwa ya kunywa. Lubumbashi maziwa hayo huitwa maziba. Bukavu, mji uliojengwa kwenye rasi zinazoingia Ziwa Kivu, hakuna anayechanganya ziwa la samaki na ziwa la mtoto. Sentensi yenyewe hutenganisha.

Lugha zinazotuzunguka zina mzizi mwingine. Mashi, Kinyarwanda na Kirundi husema ibere, Kilingala kinasema mabele. Je, Kiswahili kiliutupa mzizi huo? Sidhani. Naona ndio uliojificha ndani ya kiwele, na kiwele leo ni cha ng'ombe na mbuzi tu. Jirani zetu wanaliita titi la mwanamke kwa neno ambalo sisi tumelipeleka zizini. Mambo ya lugha.

Lipo na neno la haya: kifua. Mama anayeona aibu kusema titi husema anaumwa kifua. Si yeye peke yake mwenye haya. Sidiria imetoka kwenye Kiarabu cha kifua, na Kifaransa, ambacho hatukioni kuwa lugha ya wenye haya nyingi, huiita nguo hiyo "kishikilia koo". Lakini katika zahanati adabu hii ni ya hatari. Kifua ni kikohozi, na kifua kikuu ni TB. Mama aliyesema kifua ataulizwa kama anatoa makohozi, naye atajibu hapana, na uvimbe wake utarudi naye nyumbani. Kwa hiyo katika makala haya ni titi au ziwa, bila kuzungukazunguka.

Ugonjwa wenyewe unaitwa saratani, kansa, na kwetu kansere. Saratani ni kaa kwa Kiarabu, na kansa ni kaa kwa Kilatini, basi anayegombana na mwenzake kuhusu lipi ni sahihi anagombania kaa yuleyule. Tuendelee.

Upasuaji wenyewe ndipo penye kazi. Kukata titi kumezoeleka hata kunamaanisha kuliondoa lote. Je, likiondolewa donge pamoja na ukingo wa nyama nzima kulizunguka, titi likabaki? Njia hiyo ilipata nguvu mwaka 1981, Umberto Veronesi wa Milan alipoonyesha kwamba wanawake wenye uvimbe mdogo walioondolewa sehemu ya titi kisha wakapigwa mionzi waliishi sawa na walioondolewa lote. Veronesi aliondoa robo. Kiswahili kinalo robo, ni neno la sokoni, linaeleweka kuanzia Kadutu ya Bukavu mpaka Kariakoo. Tatizo ni kwamba wapasuaji wa leo hawakati robo. Hukata kadiri ya donge. Kusema "upasuaji wa robo" ni kuahidi kipimo ambacho hakipo.

Mabango ya afya husema "kuondoa sehemu ya titi". Ni sahihi na ni baridi. Mimi napendekeza kumega. Anayemega bugali hachukui bugali wote. Anachukua tonge, na kilichobaki kinabaki kuwa bugali. Kumega kuna kiasi ndani yake, na kuna kubaki ndani yake, jambo ambalo kukata hakuna. Najua vijana wa Dar es Salaam wamekipa kitenzi hiki kazi nyingine ya chumbani, na watacheka. Wacheke. Misemo ya mtaani huja na kupita, na hatuwezi kuhama nyumba kila kijana anapochora ukutani. Titi lililomegwa, basi, na upasuaji wa kumega.

Kilichoachwa na mmego ni nini: shimo, tundu, mwanya, uwazi, pengo? Shimo huchimbwa, na lina ubaya wa kaburi. Tundu hutoboka upande wa pili. Mwanya ni kwa meno ya mbele, tena ni urembo. Uwazi ni wa wahandisi na, siku hizi, wa wanasiasa. Pengo ndilo lenyewe. Pengo ni nafasi ya kitu kilichokuwepo na ambacho majirani zake bado wapo pande zote. Ndiyo maana husemwa la jino na husemwa la marehemu. Kila pengo linaulizia cha kuliziba.

Hapo tumefika kwenye kitenzi chenyewe, na naomba tukae kidogo.

Kuziba ni kitenzi cha mafundi bomba na cha madaktari wa meno. Jino huzibwa. Lakini kinachozibwa huzuiwa kupita: maji, upepo, njia. Titi halivuji. Kushindilia ni kujaza kwa nguvu, kwa mchi au kwa mguu. Hapana, kwa kweli. Kujaza ndicho kinachotumika kila mahali, na ndicho kinachonikera kidogo kidogo. Hujazwa kitu kilicho kitupu: debe, gunia, gari la Uvira. Mtu akisema titi litajazwa, mama anasikia kwamba titi lake ni mfuko mtupu. Si kweli. Titi lililomegwa sehemu yake kubwa ipo, na damu yake inazunguka, na hisia zake nyingi bado zipo.

Kiswahili kilikwisha kuona tofauti hiyo kabla yetu. Kutoka jaa tulizaa jaza, na kutoka hukohuko tukazaa jaliza. Kujaliza si kujaza kitupu. Ni kuongeza kilichopungua mpaka kitu kitimie. Unajaza mtungi mtupu, lakini uliojaa nusu unaujaliza. Hiki ndicho hasa anachofanya mpasuaji baada ya kumega, na sioni kwa nini tutafute kitenzi nje ya nyumba ilhali kimelala ndani. Kinachotiwa humo, cha namna yoyote kiwacho, kiitwe kijalizo.

Nasikia mwenzangu akipinga: kijalizo kimeshachukuliwa, ni neno la wanasarufi, na wahariri nao hulitumia kwa kurasa za nyongeza. Ni kweli, na haidhuru. Mzizi wa mti na mzizi wa neno inaishi pamoja tangu zamani. Nyongeza ya gazeti na nyongeza ya titi hazitagongana kamwe katika sentensi moja, isipokuwa katika hii. Wengine watapendekeza kijazio au kijazo. Hayana kosa la sarufi, lakini yanarudi kwenye debe tupu. Ujazo nao ni mali ya fizikia tangu zamani, na tuuache huko.

Vijalizo si vya namna moja, na hapa ndipo jina la jumla linapohitaji watoto wake.

Cha kwanza ni mafuta ya mgonjwa mwenyewe, yanayonyonywa tumboni au pajani kwa sindano na kuingizwa kwenye pengo. Mafuta! Hakuna neno lililobebeshwa mzigo mkubwa zaidi Bukavu. Mafuta ni mawese, ni ya taa, ni ya gari, ni ya kujipaka baada ya kuoga. Mama akiambiwa atatiwa mafuta kwenye ziwa, ana haki ya kuuliza ya chupa gani. Pwani wana neno safi, shahamu, lililotoka Kiarabuni, la mafuta ya ndani ya mwili yaliyoshikamana na nyama. Wachinjaji wanalijua, washairi wa zamani walilijua, watu wa afya wamelisahau. Lirudishwe. "Shahamu yako mwenyewe" ni maneno matatu yanayojibu swali la kilikotoka.

Wazo lenyewe si jipya kama mashine zinavyotufanya tudhani. Mwaka 1895 Vincenz Czerny wa Heidelberg, Ujerumani, alimtoa mwanamke mmoja uvimbe wa titi, kisha akaliziba pengo kwa uvimbe wa shahamu uliokuwa mahali pengine mwilini mwa mwanamke huyohuyo. Uvimbe ulijalizwa kwa uvimbe. Anayetafuta mfano wa kukifundishia kitenzi hiki hatapata bora zaidi.

Wafaransa wenyewe hawajaafikiana kuhusu jina la kazi hii. Wapo wanaotumia neno la kujaza kwa shahamu, na Emmanuel Delay wa Lyon na wenzake wanapendelea neno lenye maana ya kufinyanga kwa shahamu. Nawaelewa. Shahamu haimiminwi pamoja. Huwekwa matone madogo madogo, hapa na pale, kila tone liguse nyama yenye damu, la sivyo hufa. Sehemu yake hufyonzwa na mwili hata hivyo, ndiyo maana kazi hurudiwa. Kufinyanga ni kitenzi kizuri, lakini kinamwacha mama akiwa udongo. Mimi nabaki na kujaliza kwa shahamu.

Je, si kupandikiza? Hili ndilo neno la kamusi kwa kila kinachohamishwa kutoka mahali pamoja pa mwili mpaka pengine, nalo asili yake ni ya bustanini: mche huota kitaluni, kisha huhamishiwa shambani. Kwa shahamu linafaa kabisa, kwa kuwa nayo huhamishwa ikiwa hai na inatakiwa ishike. Tatizo ni nomino zake. Pandikizi la mtu ni mtu mkubwa wa kutisha. Mapandikizi katika chama ni wapelelezi wa chama kingine. Na kipandikizi, ulizia kliniki yoyote ya uzazi kuanzia Mombasa mpaka Mbeya, ni kile kijiti cha uzazi wa mpango kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono. Mwambie mama kwamba atawekewa kipandikizi kwenye titi, atashangaa uzazi umeingiaje hapo. Kitenzi tukichukue, nomino tuwaachie wenyewe.

Cha pili ni kipande cha nyama kinachogeuzwa kutoka mgongoni au ubavuni kuja kulala kwenye pengo, bila kukatwa mishipa yake ya damu. Kifaransa hukiita kwa neno lile lile la kitambaa kilichochanika, na madaktari wetu hulitamka bila kulifikiria. Kiswahili kina kiraka. Ni neno la heshima katika nyumba za watu wa kipato changu, lakini kiraka ni kitambaa kilichokwisha kukatwa. Hakina uhai wake. Kinachohitaji jina hapa ni ule ushikamano, ile njia ya damu isiyokatwa. Na jina lipo juu ya kila embe na kila nyanya: kikonyo. Tunda lililo na kikonyo bado linalishwa na mti. "Kipande chenye kikonyo" ni kirefu kuliko neno moja, nakubali, lakini ukimtajia mama yeyote wa soko la Kadutu, huhitaji kumchorea picha.

Cha tatu, silikoni. Kwanza, tusiichanganye na silika, ambayo ni tabia ya kuzaliwa nayo. Silikoni haina tabia yoyote mpaka ipasuke. Hii hutumika zaidi titi likiondolewa lote, lakini imejipatia jina katika mazungumzo yote, na jina hilo ni titi bandia. Meno bandia, mguu bandia, nywele bandia: tumezoea. Hata hivyo noti bandia nayo ni bandia, na dawa bandia imeua watu. Mwanamke aliyekwisha kupita kwenye kisu hana haja ya kubebeshwa neno la polisi. Kiitwe kilivyo: kifuko cha silikoni. Aliyenacho bado ni mwanamke yuleyule.

Na siku ambayo neno bandia lingetufaa, hatukulitumia. Mwaka 2010 Ufaransa iliviondoa sokoni vifuko vya kampuni ya PIP baada ya kugundulika kwamba vilitiwa silikoni ya viwandani, isiyoruhusiwa kwa tiba. Mwasisi wake, Jean-Claude Mas, alihukumiwa mwaka 2013. Matiti ya wale wanawake yalikuwa matiti. Bandia ilikuwa silikoni.

Cha nne ni kipya: kitu kinachowekwa kwenye pengo kishike umbo kwa muda, nyama ijijenge juu yake, kisha kiishe. Kuna vya kolajeni, kuna vya plastiki ya aina ya nyuzi za kushonea zinazoisha zenyewe. Hiki kina jina tayari, na ni kati ya majina ninayoyapenda zaidi katika Kiswahili: kiunzi. Waunda majahazi wanakijua. Ni mifupa ya chombo kabla ya mbao. Kimezaliwa na kuunda, kwa hiyo tukisema kiunzi katika kuunda upya, mama na mtoto wamekaa benchi moja.

Kitenzi cha kuisha kwake kinanipa shida zaidi. Wagonjwa husema nyuzi "zinayeyuka". Barafu huyeyuka, siagi huyeyuka, kwa joto na kwa muda mfupi. Kiunzi hakiyeyuki, mwili hukimeng'enya na kukifyonza, polepole, kwa miezi au kwa miaka. Neno la haraka huzaa matumaini ya haraka. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu kifaa kiitwacho BioZorb, na kati ya malalamiko yaliyofika kwake ni kwamba kilichukua muda mrefu kupita matarajio kabla ya kuisha, mbali na maumivu, maambukizi, na hata kutokeza kwenye ngozi. Kwa hiyo nasema kiunzi cha kufyonzwa, si cha kuyeyuka.

Kisa hicho kina jambo jingine litakalomgusa kila mlinzi wa lugha. Kifaa kile kiliruhusiwa kwa jina la alama: kionyeshe kwenye picha mahali donge lilipokuwa, ili mionzi ilengwe vizuri. FDA ilikumbusha wazi kwamba haikuwahi kukiruhusu kwa ajili ya kujaza nafasi wala kuboresha umbo la titi. Alama ni alama, na kijalizo ni kijalizo. Pale majina mawili yalipoachwa yalale kitanda kimoja, mgonjwa hakujua alichowekewa ni kipi.

Nisisahau kijalizo cha bure. Kabla ya vyote hivi, pengo likiachwa, mwili wenyewe hulijaza kwa majimaji, na wapasuaji wa zamani waliyategemea yashike umbo. Baadaye hukauka, kovu huvuta, na titi hubonyea. Kwetu watu husema "mayi", na mara nyingi huogopa kwamba ni usaha. Usaha ni wa maambukizi. Mayi haya si usaha. Muuguzi akitofautisha maneno hayo mawili tu, ameokoa usiku wa mtu.

Limebaki neno la kazi nzima. Filamu ya Thierry Michel ya mwaka 2015 kuhusu Daktari Denis Mukwege inaitwa, kwa Kifaransa, kwa jina la mtu anayetengeneza wanawake. Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999, katika komini ya Ibanda hapa Bukavu, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani pamoja na Nadia Murad. (Msomaji wa pwani anayecheka kwamba hospitali ina jina la mdudu arukaye, amalize kucheka.) Kitenzi cha filamu hiyo ndicho kitenzi cha Bukavu pia: kutengeneza. Hutengenezwa barabara, redio, nywele, na mama aliyejeruhiwa. Wenye Kiswahili sanifu wanasema kurekebisha, ambako kunadokeza kosa. Kukarabati ni kwa majengo. Kuumba tumemwachia Mungu. Mimi nabaki na kuunda upya, kwa sababu kuunda ni kazi ya mikono yenye mpango, haina kosa ndani yake wala haina kufuru.

Haya ni mapendekezo, nayo hayana nguvu mpaka yapite midomoni. Walimu wa Kiswahili wa chuo cha ualimu cha ISP Bukavu wanaweza kuyapima kwa sarufi, BAKITA, baraza la Kiswahili la Tanzania, wanaweza kuyapima kwa taratibu zao, lakini mizani ya kweli iko kando ya kitanda. Muuguzi ajaribu hivi: "Mama, watamega kidogo, kisha watajaliza kwa shahamu yako mwenyewe." Mama akiuliza shahamu ni nini, amweleze mara moja, na kesho atalitumia mwenyewe. Akiuliza kijalizo kitakaa au kitaondoka, neno limefanya kazi. Na wewe msomaji, ukiwa na jina lililo bora kuliko kijalizo, lilete. Nitaliacha langu siku hiyohiyo.